Mbwa Akishaanza Kung'ata: Urithi, Aina na Usalama wa Watu

Kila mbwa anapomjeruhi mtu vibaya, watu hugawanyika makundi mawili kabla damu haijakauka. Kundi la kwanza hushikilia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: hakuna mbwa mbaya, kuna mwenye mbwa mbaya. La pili hushikilia kwamba mwana wa nyoka ni nyoka: pitbull ni pitbull, umlee utakavyo. Nimechoka na makundi yote mawili, kwa sababu yote yanawaacha watu bila kinga. Anayeamini malezi peke yake hujenga uzio wa mita moja, kisha humkabidhi mtoto kamba ya mbwa wa kilo 50. Anayeamini damu peke yake humkwepa mbwa wa jirani mwenye kichwa kipana, halafu humwacha mwanawe amkumbatie shingoni mbwa "mpole" wa nyumbani wakati mbwa anakula.

Ninavyoona mimi, aina ya mbwa inakuambia kidogo sana kuhusu kama mbwa huyu aliye mbele yako atauma. Inakuambia mengi zaidi kuhusu kitakachomwasha, atakavyoanza, na akishaanza ataachia saa ngapi. Ukiyachanganya mambo hayo, utatunga sheria mbovu na utajenga banda bovu.

Hatua za mwindaji

Mbwa wote wa kufugwa wametokana na mbwa mwitu wa kijivu, na silika yake ya kuwinda imepangika kwa hatua: hubaini windo, hulikazia macho, hulinyatia, hulikimbiza, hulikamata kwa meno, huliua, hulichana, hulila. Wafugaji wengi hawajui kwamba kila hatua ina utamu wake. Mbwa hakimbizi kwa sababu ana njaa. Hukimbiza kwa sababu kukimbiza kwenyewe kunamburudisha. Ndiyo maana mbwa aliyeshiba bado atamfukuza mwendesha baiskeli, na kumwongezea chakula hakutabadilisha chochote.

Kwa mamia ya miaka watu waliozalisha mbwa wa kazi walikuza baadhi ya hatua hizo na kufifisha nyingine, bila kujua lolote kuhusu jeni. Border collie amebaki na macho, mnyato na mbio, ila kung'ata kumefifishwa, maana mbwa anayeua kondoo hana faida kwa mchungaji. Pointer huganda mguu mmoja ukiwa juu, hapo hapo anapomnusa ndege. Retriever hukamata kwa mdomo laini na kuleta. Australian Cattle Dog, mbwa wa kuswaga ng'ombe, hung'ata kisigino mara moja na kuachia kabla teke halijafika. Terrier walizalishwa kuua panya na wanyama wa mashimoni, hivyo wao wamebaki na kukamata, kutikisa na kuua. Mbwa walinzi wa mifugo kama Kangal wa Uturuki hawatakiwi kuwinda hata kidogo. Kwao mlolongo wote umepoa, na kilichokuzwa ni kushuku kila kigeni na kukipinga mpakani, hasa usiku.

Sasa mchukue mbwa wa namna hiyo umweke kwenye nyumba yenye watoto wanaokimbia, wageni wanaoingia na kutoka, na paka wa jirani. Mbwa wa kuswaga anayemng'ata mtoto kifundo cha mguu hakufundishwa na mtu. Kangal aliyemlalia mgeni miguuni mchana na kumvamia saa nne usiku hajageuka mbaya. Amefanya kazi ambayo babu zake walilishwa kwa ajili yake. Kumpiga kwa hilo hakumfundishi chochote, ila humwongezea hofu juu ya silika aliyo nayo tayari.

Ni muhimu pia kuelewa kwamba uwindaji hauna hasira. Baada ya mashambulizi mengi mwenye mbwa husema, "Hakutoa hata dalili," na mara nyingine anasema kweli kwa namna yake. Mbwa anayeogopa au anayejilinda hunguruma, huonyesha meno na kubweka kwa sababu anataka umbali: ondoka, usinikaribie. Mwindaji anataka umbali upungue, kwa hiyo hana sababu ya kukupigia kelele. Dalili zake ni za kimya. Mdomo uliokuwa wazi ukihema unafungwa ghafla. Kichwa kinashuka hadi usawa wa mgongo, masikio yanaelekea mbele, uzito unahamia miguu ya mbele, na macho hayapepesi. Sekunde hiyo bado unaweza kumwita akakusikia. Akishachomoka, mbwa wengi hawasikii tena jina lao. Anayetembea na mbwa mwenye silika kali ya kukimbiza ajifunze kuutazama mdomo kabla ya mkia.

Hatari hiyo hiyo huwakumba mbwa wadogo. Mbwa mkubwa na mdogo wanacheza vizuri, mdogo anakanyagwa, analia kwa sauti nyembamba na kukimbia. Kilio na mbio ni vichocheo vya windo, na mchezo unaweza kugeuka uwindaji papo hapo. Ikiwa tofauti ya uzito ni kubwa, usiwaachie wacheze bila wewe kuwepo karibu, hata kama wamezoeana miaka.

Waliozalishwa kushika wasiachie

Kuna kundi ambalo kazi yake ilikuwa ile hatua ya kukamata yenyewe. Uingereza kulikuwa na mchezo wa kumfunga fahali na kumwachilia mbwa amkamate puani. Mchezo huo ulipigwa marufuku mwaka 1835, na waliokuwa wakiufuata wakahamia kupiganisha mbwa kwa mbwa, kwenye vyumba vya chini ambako ni rahisi kujificha. Bulldog wa zamani wakachanganywa na terrier, na humo ndimo walimotoka bull terrier, Staffordshire na pitbull wa Marekani. Dogo Argentino alitengenezwa na Antonio Nores Martínez huko Córdoba kuanzia miaka ya 1920 ili amshike nguruwe mwitu mpaka mwindaji afike. Fila Brasileiro alifuata harufu na kushika. Tosa wa Japani alizalishwa kwa ajili ya ulingo.

Kilichochaguliwa humo kizazi baada ya kizazi kilikuwa ung'ang'anizi: kuanza bila maonyesho marefu, kuvumilia maumivu, kushika na kutikisa, kutoacha. Huo ndio urithi unaopaswa kukutisha, kuliko hadithi za taya. Hakuna mbwa yeyote mwenye taya linalojifunga kwa komeo. Taya la pitbull lina mifupa na misuli ile ile ya mbwa wengine. Haachii kwa sababu hataki kuachia. Na zile namba za nguvu ya ng'ato zinazosambaa mitandaoni usizitegemee, kwa kuwa mbwa yule yule hung'ata kwa nguvu tofauti kabisa kulingana na anachong'ata na alivyopandwa na msisimko.

Mtindo wa kung'ata ndio unaoamua jeraha. Mbwa mwoga humparua mtu haraka, huachia na kurudi nyuma, na mara nyingi mhanga hubaki na matundu mawili matatu. Mbwa anayeshika na kutikisa hutenganisha ngozi na misuli, huchana mishipa, na akifika shingoni kwa mtoto huwa ni dakika chache tu. Daktari wa wanyama Ian Dunbar aliweka mizani ya ngazi sita inayosaidia sana hapa. Ngazi ya kwanza mbwa anatisha bila kugusa. Ya pili meno yanagusa ngozi bila kuitoboa. Ya tatu ni ng'ato moja yenye tundu moja hadi manne, lakini hakuna linalozidi nusu ya urefu wa chonge. Ya nne linazidi nusu, au kuna michubuko inayoonyesha kwamba alishika na kutikisa. Ya tano ni ng'ato nyingi za kiwango hicho, ya sita ni kifo. Mbwa wa ngazi ya pili anaweza kurekebishwa nyumbani kwa msaada wa mtaalamu. Mbwa wa ngazi ya nne ameshakuonyesha kwamba akishika hajizuii, na mafunzo hayaondoi hilo. Unapopewa mbwa mkubwa na mtu, uliza kilichotokea kwenye ngozi ya aliyeumwa. Jibu la "aliwahi kumuuma mtu kidogo" halikuambii lolote.

Kiasi gani kinarithiwa?

Kwamba tabia hurithiwa halina ubishi. Mwaka 1959 Dmitri Belyaev alianza jaribio huko Urusi la kuzalisha mbweha kwa kigezo kimoja tu, upole mbele ya binadamu, na kazi hiyo iliendelezwa kwa miongo na Lyudmila Trut. Ndani ya vizazi vichache walipatikana mbweha wanaotikisa mkia na kulamba mikono. Walizalisha pia ukoo mwingine wa mbweha wakali, na watoto wa ukoo mkali walipolelewa na mama wapole walibaki wakali. Anayesema ni malezi tu inabidi aeleze mbweha hao.

Lakini anayesema ni aina tu naye ana deni. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2022, wenye majibu ya wamiliki wa mbwa zaidi ya 18,000 na vinasaba vya mbwa 2,155, ulikuta kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja mmoja. Utayari wa kufuata amri ulihusiana na aina kuliko tabia nyingine. Wepesi wa kuudhika haukuhusiana nayo kiasi cha kumtabiri mbwa mmoja. Utafiti mwingine, wa mwaka 2019, uliolinganisha wastani wa aina 101, ulikuta mchango mkubwa wa vinasaba kwenye ufundishikaji, ukali kwa wageni na kupenda kukimbiza.

Tafiti hizi hazigombani. Wastani wa aina moja unaweza kutofautiana na wa nyingine huku mbwa wenyewe wakiingiliana mno, kiasi kwamba mama, baba na ndugu wa tumbo moja wanakuambia mengi kuliko jina la aina. Tena madodoso ya namna hii hupima zaidi mbwa anakuwa mkali mara ngapi na mbele ya nani, na hayamuulizi mwenye mbwa jeraha lilikuwa la kina gani. Hatari ni uwezekano ukizidishwa na madhara. Chihuahua anaweza kuuma kila wiki na asimpeleke mtu hospitali. Mbwa wa kilo 55 anayeuma mara moja maishani anaweza kuua.

Kuhusu vifo, uchambuzi ninaourudia mara kwa mara ni ule wa mwaka 2013 uliopitia vifo 256 vilivyotokana na mbwa Marekani kati ya 2000 na 2009. Katika asilimia 87 ya vifo hivyo hakukuwa na mtu mwenye uwezo wa kuingilia kati. Asilimia 85 ya waliokufa hawakuwa na mazoea na mbwa husika, au walikuwa na mazoea ya juu juu tu. Asilimia 84 ya visa vilihusu mbwa ambao hawakuhasiwa. Asilimia 77 ya wahanga walikuwa na umri au hali ya mwili iliyowazuia kujiokoa. Asilimia 76 ya visa vilihusu mbwa waliotengwa na maisha ya watu: wa kwenye mnyororo, wa bandani, wa nyuma ya nyumba. Katika visa vinne kati ya vitano, sababu nne au zaidi zilikutana pamoja. Aina ya mbwa ilithibitika kwa uhakika katika visa chini ya mmoja kati ya vitano.

Uchambuzi huo usomwe kwa uangalifu. Hausemi aina haina maana. Uchambuzi wa nyuma, wa vifo 238 vya 1979 hadi 1998 nchini humo humo, ulikuta mbwa wa aina ya pitbull na rottweiler wakihusika katika zaidi ya nusu, ingawa angalau aina 25 zilitajwa. Unachosema ule wa 2013 ni kwamba msiba huhitaji mambo mengi yakutane, na mengi yako mikononi mwa mwenye mbwa.

Sheria na tatizo la kutambua

Uingereza ilipiga marufuku pitbull, Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro kwa sheria ya mwaka 1991. XL Bully, mbwa mkubwa aliyetokana na pitbull, aliongezwa baadaye: tangu 31 Desemba 2023 ni kosa huko England na Wales kumuuza, kumzalisha au kumtelekeza, na tangu 1 Februari 2024 ni kosa kuwa naye bila cheti cha msamaha. Mwenye cheti lazima amhasi, amwekee chipu, akate bima ya madhara kwa watu wengine, na hadharani mbwa awe kwenye kamba na kifunga mdomo. Kwa kuwa XL Bully hakuwa aina iliyosajiliwa na chama kikuu cha mbwa cha huko, serikali ililazimika kumweleza kwa umbo, kuanzia kimo cha sentimita 51 begani kwa dume na 48 kwa jike.

Udhaifu wa sheria hizi uko hapo kwenye umbo. Katika utafiti mmoja wa Florida, wafanyakazi wa makazi ya mbwa, watu wanaowaona mbwa kila siku, waliangalia mbwa 120. Mbwa 62 waliitwa wa aina ya pitbull na angalau mfanyakazi mmoja. Kwa vinasaba, waliothibitika walikuwa 25 tu kati ya wote 120. Ukiadhibu umbo utawakamata wengi wasio na kosa, na wazalishaji watahamia umbo jingine, jambo ambalo XL Bully mwenyewe ni ushahidi wake. Uholanzi ilimpiga marufuku pitbull mwaka 1993, ikaiacha marufuku hiyo mwaka 2008 kwa kuwa haikuonekana kupunguza watu kuumwa. Italia nayo ilifuta orodha yake mwaka 2009 na kumbebesha mwenye mbwa wajibu.

Bado sikubaliani na wanaosema sheria isiguse ukubwa na nasaba kabisa. Mtu anayezalisha mbwa wa kilo 60 kutoka kwa wazazi wakali ili auze ukali wao anauza hatari kwa mtaa mzima. Sheria ninayoiona ina akili huangalia mbwa mmoja mmoja: chipu kwa kila mbwa, kumbukumbu ya kila tukio hata lisilo na jeraha, mtihani wa maarifa kwa mwenye mbwa kama unavyofanywa jimbo la Lower Saxony nchini Ujerumani, na masharti ya kamba na kifunga mdomo yanayoanza kwenye onyo la kwanza, kabla ya maiti ya kwanza.

Nyumbani

Unapochagua mtoto wa mbwa, mwone mama yake, na baba ikiwezekana. Mama asiyekaribika na wageni siku za kwanza baada ya kuzaa unaweza kumsamehe. Asiyekaribika watoto wakiwa na wiki saba, ondoka. Usimchukue mtoto kabla ya wiki nane, kwa sababu ndugu zake ndio wanaomfundisha kupunguza nguvu ya meno: aking'ata sana mwenzake analia na mchezo unaisha. Dirisha la kuzoea dunia liko kati ya wiki ya 3 na ya 12 hadi 14 hivi. Ndani yake akutane kwa utulivu na watoto, wazee, watu wenye fimbo na kofia, baiskeli, pikipiki, mbwa wengine waliochanjwa. Dirisha likifungwa, kila kigeni kitahitaji kazi mara nyingi zaidi, na mbwa mwingine hatafika.

Usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu kosa hili linazaa mbwa "wanaouma bila onyo". Kabla ya kunguruma huwa amepita ngazi kadhaa: amepiga miayo bila usingizi, amelamba pua, amegeuza kichwa, ameondoka, amejikunyata, amekakamaa huku weupe wa jicho ukionekana pembeni kama mwezi mwandamo. Ukimpiga anapofika kwenye kunguruma, unaondoa kengele huku moto ukibaki. Badala yake mwondoe mahali pale, kisha tafuta kilichomkera. Mkia nao usikudanganye. Mkia uliosimama wima, mgumu, unaotikisika kwa kasi fupi fupi, ni wa mbwa aliyepandwa na msisimko. Na mbwa mtu mzima aliyeanza ukali ghafla apelekwe kwa daktari wa wanyama kwanza: jino bovu, sikio, nyonga au mgongo unaouma humbadilisha mbwa mpole kabisa.

Acha mnyororo. Utafiti wa Denver, Marekani, uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta mbwa waliouma walikuwa na uwezekano karibu mara tatu zaidi wa kufungwa minyororo uani kuliko wasiouma. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia, kwa hiyo njia yake iliyobaki ni kupigana. Uzio wa mbwa mkubwa uwe na kimo kisichopungua mita 1.8, bila ubao uliolazwa upande wa ndani wa kumpa ngazi. Kwa wachimbaji, laza wavu wa waya chini kwa ndani, upana wa sentimita 60, ukiungana na uzio kwa umbo la L, uufunike kwa udongo. Mbwa huanza kuchimba hapo hapo uzio ulipo na kukutana na wavu. Geti ndilo linaloharibu yote. Lifunguke kuelekea ndani, ili mbwa akilisukuma azidi kulifunga. Liwe na springi ya kujirudisha, na komeo lisilofikiwa na mtoto mdogo. Mageti mawili yenye nafasi katikati ni bora zaidi, kwani moja likisahaulika lipo la pili. Mgeni asikutane na mbwa getini.

Nje, tumia kamba ya kawaida ya mita 1.5 hadi 2. Zile zinazojikunja kwenye kibebeo zimpe mtu mwenye mbwa wa kilo tano. Mbwa mwenye nguvu afungwe sehemu mbili, mkanda wa shingoni na mkanda wa kifuani, kwa ndoano mbili, maana kifungo kimoja hukatika siku mbaya. Na anayeshika kamba awe na uwezo wa kumzuia mbwa aliyechomoka kwa nguvu zote. Usitembee na mbwa wawili wakali peke yako. Mmoja akianza, wa pili hufuata bila kujua sababu.

Kifunga mdomo kiwe cha kikapu, ambacho ndani yake mbwa anaweza kufungua mdomo, kuhema na kunywa maji. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo humzuia kuhema, na mbwa hupoza mwili kwa kuhema, hivyo kwenye joto kinaweza kumuua. Pima akiwa anahema: mbele ya pua ibaki nafasi ya sentimita moja hivi, kikapu kisiguse macho, kamba ya nyuma ya masikio iruhusu kidole kimoja. Usimvishe kwa nguvu siku ya kwanza. Weka kipande cha nyama ndani ya kikapu, mwache aingize pua mwenyewe, atoe. Rudia mpaka akiona kikapu anakifuata. Kisha mpe nyama kupitia matundu ili pua ikae ndani sekunde tano, kumi, thelathini. Halafu gusa kamba za nyuma bila kufunga, kisha funga sekunde mbili na ufungue wakati bado anakula. Kwa mbwa wengi ni kazi ya wiki mbili hadi nne, dakika chache kila siku. Akikikwangua kwa makucha, umeruka hatua, rudi nyuma.

Mtoto mdogo na mbwa wasiachwe peke yao chumba kimoja, hata dakika ya kupokea simu. Watoto huumwa zaidi usoni na shingoni kwa sababu ya kimo chao na tabia yao ya kuinama kumbusu mbwa. Mbwa anayekula, anayelala, mgonjwa au mwenye watoto asiguswe na mtoto yeyote.

Akikushambulia

Usikimbie wala kupiga mayowe. Simama kando kando, si kifua kwa kifua, mikono imeshikana mbele ya mwili, macho chini miguuni, na usubiri. Mbwa wengi hunusa na kuondoka. Akisogea, weka kitu katikati: begi, baiskeli, kiti, koti. Mpe hicho ang'ate. Ukianguka, jikunje kifudifudi, magoti kifuani, vidole vimeshikana nyuma ya shingo, mikono ikiziba masikio.

Akishashika, usivute, kwani kuvuta ndiko kunakochana nyama. Kaza kiungo kisitikisike kadiri unavyoweza. Anayesaidia asimpige mbwa mng'ang'anizi kichwani, maana wengi hukaza zaidi. Amshike mkanda wa shingoni kutoka nyuma, aupindishe na kuuinua ili hewa ipungue, ashikilie bila kulegeza mpaka taya lifunguke, kisha amtoe moja kwa moja hadi nyuma ya mlango uliofungwa. Kumwachilia hapo hapo ni kumpa nafasi ya kurudi. Kama hana mkanda, kamba au mshipi wa suruali uliopitishwa shingoni karibu kabisa na masikio hufanya kazi hiyo.

Jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mchubuko. Damu ikitoka kwa nguvu, kandamiza kwanza. Usipake mafuta, majivu wala pilipili, na usiombe lishonwe haraka. Majeraha mengi ya mbwa huachwa wazi kwanza kwa sababu ya vijidudu. Ng'ato za mkononi na kwenye viungo zinahitaji daktari siku hiyo hiyo, hata zikionekana ndogo, kwa kuwa chonge huingiza uchafu ndani na tundu la juu hujifunga.

Kichaa cha mbwa huua karibu kila mtu dalili zikishaanza, na karibu vifo vyote vya binadamu kwa ugonjwa huo hutokana na mbwa. Chanjo ianze siku ya kuumwa, na penye jeraha linalotoa damu daktari huongeza kinga ya kudungwa ndani na kandokando ya jeraha. Mbwa anayeweza kukamatwa salama asiuawe: afungiwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo, mate yake hayakuwa na virusi alipouma, na daktari anaweza kusimamisha chanjo zilizobaki. Akifa au akitoroka kabla ya siku hizo kuisha, dozi zote zikamilishwe.